Kambarage, Mill na Wake 22: Kisa cha Insha Iliyoshinda Mwaka 1944

Kila mwaka yanapotangazwa mashindano ya insha kwa shule za sekondari, ya Jumuiya ya Afrika Mashariki au yale ya SADC, mezani kwangu hurundikana rasimu zinazofanana kama vifaranga wa mama mmoja. Aya ya kwanza inaeleza maana ya mada. Zinafuata faida tano, kisha changamoto tano, na mwisho serikali inaombwa "ihakikishe" jambo fulani. Wanafunzi hawa si wavivu. Wamefundishwa kuandika hivyo, na mimi ni mmoja wa waliowafundisha.

Ndiyo maana siku hizi kabla ya kutoa mada kwenye klabu yetu ya insha na midahalo, ninaanza na kisa cha mshindani mmoja wa zamani. Mwaka 1944 mwanafunzi wa Chuo cha Makerere, Kampala, aliibuka wa kwanza katika shindano la fasihi la Afrika Mashariki kwa insha juu ya kukandamizwa kwa wanawake. Alichukua hoja za mwanafalsafa wa Kiingereza, John Stuart Mill, akazipima kwa maisha ya watu wa kwao, Wazanaki wa Musoma. Alikuwa na umri wa miaka 22. Jina la Julius alikuwa amelipata Desemba 1943 alipobatizwa. Kwao walimjua kama Kambarage, mwana wa Nyerere.

Darasa likishasikia jina hilo, mikono inashuka. "Huyo si Mwalimu Nyerere? Lazima angeshinda." Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia, maana mwaka 1944 hakuwa Baba wa Taifa lolote. Alikuwa kijana wa mwaka wa pili anayesomea ualimu, na shahada yenyewe chuo chake kilikuwa hakitoi bado. Tukitaka kujifunza kitu kutoka kwenye insha ile, inabidi tumvue kwanza yale yote aliyovikwa baadaye, tumtazame kama tunavyomtazama mshindani wetu wa kidato cha tatu.

Tuanzie nyumbani alikotoka. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, amewekwa kwenye kiti hicho mwaka 1915. Alikuwa na wake 22. Mama yake Kambarage, Mugaya, alikuwa wa tano. Aliolewa mwaka 1907 akiwa na miaka 15, na mumewe wakati huo alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 40. Alimzalia chifu watoto wanane, wawili wakafa wachanga. Kwa hiyo kijana huyu alikulia katika boma ambalo habari ya wake wenza, zamu, mashamba na kuni haikuwa mada ya insha, ilikuwa ndiyo siku yenyewe inavyokwenda. Aliyekula alijua nani amelima.

Kuna jambo jingine ambalo mimi naliona zito kuliko hata hao wake 22. Baba yake, kabla hajafariki, alikwisha kumposea mke. Binti aliyeposwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu au minne. Yaani kijana aliyekuwa Kampala akiandika kwamba wanawake wananyimwa uhuru wao, mwenyewe alikuwa na mchumba ambaye hakuulizwa, wala asingeweza kuulizwa kwa umri ule. Hakuwa mtazamaji aliyesimama ukingoni na kalamu yake. Alikuwa upande unaonufaika.

Wanafunzi wangu hawaoni haraka kwa nini jambo hili lina maana. Wamezoea insha ambayo mwovu yuko mbali: ni mkoloni, ni "baadhi ya viongozi", ni "jamii", hilo neno pana ambalo kila mtu hujificha nyuma yake. Nyani haoni kundule, na insha nyingi za mashindano ni za nyani. Kijana wa Uzanaki alichagua mada ambayo asingeweza kuiandika bila kujigusa.

Tazama pia mahali alipoandikia. Makerere ya mwaka 1944 haikuwa na mwanafunzi hata mmoja wa kike. Kauli mbiu ya chuo ilikuwa, kwa tafsiri yangu, "Tuwe Wanaume". Sichezi na maneno, ndivyo ilivyokuwa kwa Kiingereza. Wanafunzi wa kwanza wa kike waliingia mwaka 1945, na hapo chuo kikalazimika kubadili kauli mbiu kuwa ile ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Insha ya uhuru wa wanawake iliandikwa mwaka mmoja kabla, katika chuo kisicho na mwanamke wa kuisoma na kumwambia mwandishi, "Hapa umekosea, haiko hivyo." Dosari hiyo siihesabu kuwa yake peke yake. Lakini hata leo naiona: timu ya wavulana watatu inaandika juu ya mimba za utotoni, inapeana zamu ya kusoma, inashinda, na hakuna aliyekwenda kumuuliza dada mmoja wa bwenini.

Sasa kuhusu Mill, maana hapa ndipo penye ufundi.

Kitabu chake juu ya kutiishwa kwa wanawake kilitoka mwaka 1869. Hoja yake si kwamba wanaume ni wakatili. Anasema kwamba utii wa mke kwa mume unaonekana wa asili kwa sababu mbili tu, ni wa zamani na uko kila mahali, na kwamba hakuna utawala uliowahi kuonekana si wa asili machoni pa mwenye nao. Anasema hakuna anayeijua asili ya mwanamke, kwa kuwa tunachokiona ni matokeo ya jinsi alivyolelewa. Kisha anatia pilipili: ufalme wana wafalme, utajiri wana matajiri, lakini madaraka juu ya mke anayo kila mwanamume, hata yule hohehahe kuliko wote kijijini. Ndiyo maana ni vigumu kuyang'oa. Kila nyumba ina mlinzi wake.

Mchukue kijana mwenye maneno hayo umrudishe kijijini kwao, Butiama. Mwanamume asiye na ng'ombe hata mmoja, anayemwamkia chifu kwa kuinama, akishavuka kizingiti chake naye ni chifu. Mill hakuwahi kukanyaga huko, lakini kipimo chake kinafanya kazi, na anayekijaribisha anagundua kwamba anayoyajua yeye kwa kuyaona ndiyo yanayokipa kipimo uzito. Hiyo ndiyo tofauti ya kutumia mwandishi na kumnukuu tu mwandishi. Insha za wanafunzi wangu zina nukuu kama nguo zilizoanikwa kambani, hakuna aliyezivaa.

Ila Mill ana upande mwingine ambao huwa siuachi. Bwana huyu aliajiriwa miaka 35 na Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, iliyokuwa ikiitawala India. Katika kitabu chake cha uhuru cha mwaka 1859 aliandika waziwazi kwamba kanuni za uhuru alizozieleza haziwahusu watu wa jamii zilizo "nyuma". Hao, kwa maoni yake, kutawaliwa kwa mabavu kuliwafaa ilimradi lengo liwe kuwaendeleza. Wazanaki wangehesabiwa humo bila mjadala. Kwa hiyo mwanafunzi wa Makerere alikuwa akitumia shoka la mtu ambaye asingemruhusu kulishika. Sijui darasa gani la siasa linaloweza kufundisha jambo hilo vizuri kuliko kisa hiki: hoja ikishatoka kinywani mwa mwenyewe si mali yake tena.

Sasa swali la waamuzi. Kwa nini insha hii ilishinda?

Jibu la kwanza ni la heshima: ilikuwa na hoja, ilikuwa na mfano hai, iliandikwa na mtu aliyejua anachosema. Nalikubali. Lakini kuna jibu la pili ambalo nalieleza kwa sauti ya chini kidogo, nalo ni maoni yangu. Mwaka 1944 Afrika Mashariki ilikuwa chini ya Waingereza, vita ya dunia ikiendelea, na vijana wa KAR, jeshi la Waingereza lenye askari wa Kiafrika, wakipigana hadi Burma. Katika hali hiyo, mada ya jinsi Waafrika wanavyowatendea wake zao ilikuwa mada salama kabisa. Kidole kinaelekea mila na hakigusi serikali. Mkoloni akisoma anatikisa kichwa kwa huzuni ya upole, anaona kazi yake ya "kustaarabisha" imethibitishwa na msomi mzalendo mwenyewe, anatoa zawadi. Insha yenye ukweli inaweza kushinda kwa sababu isiyo ya kweli.

Kwa kulinganisha, mwaka mmoja nyuma, Julai 1943, kijana huyuhuyu aliandika barua kwa gazeti la Tanganyika Standard. Humo alidai kwamba Mwafrika ni mjamaa kwa asili yake, na kwamba ubepari ni mgeni katika bara hili. Ziweke barua na insha pamoja mezani. Katika barua mila ya Kiafrika ni ya usawa na kugawana. Katika insha mila hiyohiyo inamkandamiza nusu ya watu wake. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, huyu amejipinga." Nilimwambia ndiyo, na ngoja uone alivyokaa na mgongano huo miaka 23 bila kuutupa.

Maana mwaka 1967, sasa akiwa Rais, katika andiko la Ujamaa Vijijini alizirudisha zote mbili kwenye ukurasa mmoja. Alisifu misingi ya jamaa wa zamani: heshima, kumiliki kwa pamoja, kila mtu kufanya kazi. Papo hapo akataja kasoro mbili zilizoufanya ujamaa ule wa asili usikamilike. Moja ilikuwa umaskini. Nyingine ilikuwa hali ya mwanamke, ambaye alipewa nafasi ya chini na kazi nyingi kuliko sehemu yake. Miezi michache kabla, Azimio la Arusha lilikwisha kusema kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi saa 12 au hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, kuliko mtu mwingine yeyote Tanzania, huku wanaume wa vijijini wakiwa kama wako likizo nusu ya maisha yao. Ukijua alikotoka, unasikia boma la Burito ndani ya sentensi hizo. Insha ya 1944 haikuisha siku ya kutangazwa washindi.

Lakini kuandika tena si kutenda. Hapa wachambuzi wengi wa maisha ya Mwalimu huharakisha, nami napenda kukaa.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 na mshindi wetu wa insha ndiye rais wake. Mwaka uliofuata alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch. Bibi Titi Mohamed alisimulia baadaye kwamba mgeni huyu aliuliza: tawi la wanawake liko wapi? Halikuwapo. Ndipo akatafutwa Bibi Titi mwenyewe, mwenye kadi namba 16, mwimbaji wa ngoma ya Bomba, elimu yake ya msingi tu. Akaingia kwenye vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, kwa wauza vitumbua na wapika pombe, na katika muda mfupi maelfu ya wanawake wakawa na kadi. Sikiliza mpangilio wake: miaka 11 baada ya insha, aliyekumbusha alikuwa mgeni, na waliofanya kazi walikuwa wanawake ambao wengi wao hawakuwahi kuandika insha yoyote.

Nimewahi kupingwa hapa na mwalimu mwenzangu wa historia. Alisema ninamwonea, kwamba chama kichanga kina mengi ya kupanga, na kwamba Nyerere alimpokea Bibi Titi kwa mikono miwili pale ambapo wengine wangemweka jikoni. Ni kweli, na nimemwongezea mwenzangu hoja: ndoa yake Mwalimu ilikuwa ya mke mmoja, Maria, tangu 1953, na ile posa ya utotoni hakuitimiza. Mill naye alipomwoa Harriet Taylor mwaka 1851 aliandika tamko la kuzikataa haki zote ambazo sheria ya Uingereza ilimpa mume juu ya mke. Wote wawili walilipa sehemu fulani ya deni kwa maisha yao binafsi. Deni la umma ndilo linalochelewa. Mill akiwa mbunge mwaka 1867 alijaribu neno "mwanamume" libadilishwe kuwa "mtu" katika mswada wa kupiga kura, akapata kura 73, akashindwa. Nyerere, mwenye madaraka makubwa kuliko Mill alivyowahi kuyaota, aliteua mawaziri kamili wa kwanza wanawake mwaka 1975, Tabitha Siwale na Julie Manning. Hesabu tangu 1944: miaka 31.

Halafu kuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971.

Kwa wakati wake ilikuwa sheria ya ujasiri. Iliziweka ndoa za kiserikali, za dini na za kimila chini ya paa moja. Ilisema wazi kwamba mke wala mume hana haki ya kumpiga mwenzake. Ilitaka ridhaa ya mke kabla ndoa ya mke mmoja haijageuzwa kuwa ya wake wengi. Ukisoma vifungu hivyo unaweza kudhani mtu fulani alikuwa na rasimu ya 1944 mfukoni. Kisha unafika kifungu cha 13. Umri wa kuoa kwa mvulana, miaka 18. Kwa msichana, miaka 15. Kifungu cha 17 kinaongeza kwamba msichana wa chini ya miaka 18 ataolewa kwa ridhaa ya baba, na mama anaulizwa tu ikiwa baba hayupo duniani.

Miaka 15. Umri uleule wa Mugaya mwaka 1907.

Sisemi Nyerere aliketi akaichagua namba hiyo akimkumbuka mama yake. Sheria hupikwa na watu wengi, na ile ilipita kwenye mabishano ya wazee wa dini na wa mila. Kila upande ulipata na kila upande ulikosa. Ndivyo utawala ulivyo, na ndicho kitu ambacho shindano la insha haliwezi kukupima: mwandishi wa insha hana wa kupatana naye. Anaandika "ndoa za utotoni zikomeshwe", anaweka nukta, anapewa cheti. Mtawala anaandika sentensi hiyohiyo na kabla hajafika kwenye nukta wameshamkalia watu kumi.

Ilibaki hivyo mpaka mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, alipovipeleka vifungu vya 13 na 17 Mahakama Kuu. Julai 2016 mahakama ilisema vinapingana na Katiba. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikamthibitishia Gyumi ushindi. Kati ya insha na hukumu hiyo ni miaka 75. Ninapofika hapa darasani huwa naandika ubaoni miaka minne, 1907, 1944, 1971, 2019, sisemi kitu, nawaacha wapige hesabu wenyewe. Ni dakika tulivu kuliko zote katika kipindi.

Narudi kwenye mashindano yetu. Mada za siku hizi huchaguliwa ofisini, na nyingi ni za mtangamano, biashara, lugha, tabianchi. Hazina ubaya. Washindi wa SADC hutambuliwa kwenye mkutano wa wakuu wa nchi mwezi Agosti, na ni heshima kubwa kwa mtoto aliyeandikia kwenye daftari la mistari. Tatizo langu ni kwamba mada kama hizo zinamruhusu mwanafunzi kuandika kurasa tano bila mtu hata mmoja anayemjua kupita ndani yake. Kwa hiyo nina sharti dogo. Mada iwe yoyote, lakini kabla ya rasimu ya kwanza kila mmoja ananiletea ukurasa mmoja unaojibu: jambo hili kwenu linaonekanaje, nani ananufaika nalo, na wewe uko upande gani?

Wavulana hupata taabu na swali la tatu. Wasichana hupata taabu na la pili, si kwa kutolijua jibu. Mwaka jana tulipokuwa na mada ya kazi na kipato, binti mmoja aliandika habari ya mama yake anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi, na fedha zinazokabidhiwa jioni kwa mtu ambaye hakuamka. Ilikuwa mistari kumi na miwili, na ilikuwa na nguvu kuliko insha zote nilizowahi kuzituma. Nikamwambia aiendeleze, tutaipeleka.

Nilikuwa nimeshawaeleza wanafunzi kwamba Burito, baba yake Nyerere, alifariki mwaka 1942. Kijana wake aliingia Makerere mwaka uliofuata, na insha ikaandikwa mwaka 1944. Nilikuwa naitaja kama tarehe tu, ya kujaza historia. Yule binti ndiye aliyeisikia vizuri kuliko mimi. Alilikunja lile karatasi mara mbili, akalirudisha kwenye daftari, akaniuliza:

"Mwalimu, na baba akiisoma?"